Debe Likinyamaza

"Hii nayo ina ukungu," alisema Kimoja, akaiweka darubini ya bunduki juu ya kaunta kando ya zile mbili alizokwisha kuzikataa.

Mwenye duka aliichukua. Alifuta kioo cha mbele kwa kitambaa laini, akafuta na cha nyuma, kisha akaielekeza mlangoni. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, na juu ya mlango wa kinyozi ulitundikwa ubao wa bei. Mama huyo aliusoma ubao wote hadi mstari wa mwisho, ule ulioandikwa kwa herufi za kichoyo.

"'Ndevu peke yake, nusu bei,'" alisoma kwa sauti. "Ukungu uko wapi hapo, shemeji?"

"Katikati."

"Katikati pana msalaba tu."

"Basi msalaba wenyewe ndio una ukungu."

Aliitwa shemeji kwa haki. Marehemu mume wa mama huyu alikuwa fundi bunduki, na enzi za ujana wao yeye na Kimoja waliwinda pamoja, wakala sahani moja, wakagombana na kupatana. Fundi alipofariki, watu walisubiri mjane auze duka arudi kwao. Wakasubiri sana. Siku hizi wale wale waliosubiri ndio wanaomletea bunduki zao, na wakimwambia marehemu alikuwa akifanya hivi au vile, huwajibu waende wakamuulize yeye.

"Mchagua jembe si mkulima," alimtania sasa, akiirudisha darubini kwenye kasha lake.

Siku nyingine Kimoja angemjibu, maana utani baina yao haukuwa na mpaka. Leo alitazama mikono yake tu. Alikuwa amekuja na aibu ambayo hakutaka kumweleza mtu, na mwenye aibu ya namna hiyo hana hamu ya kucheka.

Kazi yake ilikuwa kulinda mahindi. Nguruwe mwitu walipoanza kuingia mashambani, wenye mashamba walimwita, naye akawapunguza kwa bunduki. Jina la Kimoja alipewa kwa sababu hakuhitaji risasi ya pili. Mnyama aliyempiga alianguka pale pale aliposimama, hata hakupata nafasi ya kushangaa. Alijivunia hilo kuliko kitu chochote, kuliko hata nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mtu asiyeweza kumuua mnyama mara moja, alikuwa akisema, aende akalime vitunguu, kwani kitunguu hakilii, humliza mtu tu.

Kisha, katika msako uliopita, dume mmoja mkubwa alilia. Alikuwa akikatiza mwisho wa mstari wa mahindi, mahali ambapo hata mgeni wa bunduki asingemkosa. Kimoja alifyatua, na badala ya kishindo cha kuanguka akasikia ukelele mrefu uliokwenda ukipungua kuelekea bondeni. Yeye na binti yake walifuata damu mpaka kwenye matete. Mvua ikaja, ikaifuta. Wawindaji wana sheria moja: mnyama uliyemjeruhi humwachi. Wao walimwacha, kwa kuwa hawakuwa na alama ya kufuata. Tangu siku hiyo Kimoja hakulala vizuri. Kila alipofumba macho alimwona dume yule akiwa peke yake mahali fulani, anaumwa na hajui kwa nini.

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipompata mkosaji. Ni darubini. Ilikuwa kuukuu, imedondoka mara nyingi, imenyeshewa miaka nenda miaka rudi, na kama imechoka ilikuwa na haki ya kuchoka. Dawa yake ilikuwa kununua nyingine ya kuaminika.

"Haya," alisema mjane, "tuache kuchagua kwa macho kama watu wanaochagua pazia. Ngoja nikupimie."

Alizitoa tena zote tatu. Ya kwanza aliibana kwenye jiliwa lililofungwa ukingoni mwa meza, kwa uangalifu, akiwa ameizungushia kipande cha ngozi. Akaulenga msalaba wake kwenye kichwa cha msumari ulioshikilia ubao wa kinyozi. Akazungusha skrubu ya juu hadi mwisho, akairudisha. Akazungusha ya ubavuni, akairudisha. Kisha akachukua nyundo ya mpira, akaigonga darubini ubavuni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Alipochungulia tena alisonya.

"Imehama. Hii ni mwongo. Leo itakwambia kweli, kesho itakuruka."

Ya pili ilirudi kwenye msumari, lakini alipoizamisha ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu vijipovu vidogo vikapanda kutoka kwenye ukingo wa kioo. Hiyo nayo akaiweka kando. Alisema inapumua, na kitu kinachopumua siku ya baridi hujaa jasho ndani. Ya tatu ndiyo ile Kimoja aliyoikataa mwisho, nyeusi, fupi, isiyo na urembo wowote. Iligongwa, ikazungushwa, ikazamishwa, ikagongwa tena. Kila mara msalaba ulirudi kwenye msumari.

"Mbona haivuti karibu sana?" aliuliza Kimoja.

"Unapiga nguruwe kwenye mahindi, mwisho wa mstari. Unataka kumhesabia kope? Ikivuta sana utaona ubavu mmoja, hutajua ni ubavu wa nani." Aliifuta maji, akampa. "Darubini ya kuaminika si ile inayoona mbali, shemeji. Hata mwongo anaona mbali. Ya kuaminika ni ile inayorudi pale ulipoiacha."

Kimoja aliipokea, akafumba jicho la kushoto kama alivyozoea, akachungulia. Akaishusha, akaifuta kioo kwa kidole gumba. Akachungulia tena. Mjane alikuwa ameegemea kaunta akimtazama, na tabasamu lake lilikuwa limeondoka.

"Na wewe," alisema polepole, "umepimwa lini?"

"Mimi?"

"Macho."

"Macho yangu ndiyo yaliyonilea mimi, na mke wangu Mungu amrehemu, na binti yangu," alijibu Kimoja kwa ukali uliowashangaza wote wawili. Akalipa, akaifunga darubini ndani ya shuka, akatoka. Barabarani aliruka mtaro bila kujikwaa, akampungia mkono mtu aliyemtambua kutoka mbali, akausoma ubao wa kinyozi alipokuwa akipita. Ndevu peke yake, nusu bei. Nani aliyesema haoni?

Ndipo ulipokuwa msiba wenyewe. Mtu akiwa na macho mawili hutembea nayo yote, na lile zima humfichia siri lile bovu, kama mke mwema anayewaambia wageni kwamba mume amelala kwa uchovu tu. Jicho la kulia la Kimoja lilikuwa limeanza kufa katikati, kidogo kidogo, bila maumivu. La kushoto lilimsomea, lilimmiminia chai, lilimvusha mitaro. Mahali pamoja tu duniani ndipo alipolifumba hilo la kushoto na kuliacha la kulia lifanye kazi peke yake, napo ni nyuma ya darubini. Basi dunia yote ilikuwa safi isipokuwa ndani ya kile kibomba. Ungekuwa wewe ungelaumu nini? Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, lakini nani avue nguo kila siku kukagua?

*

Bunduki huzoeshwa darubini mpya kwa kupigiwa karatasi. Walikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, yeye na binti yake, wakasimamisha boksi lenye duara jeusi, na Kimoja akalala nyuma ya gunia la mchanga.

Binti huyu alikuwa mtu mzima. Alirudi nyumbani kutoka kwenye ndoa ambayo hakuisimulia na ambayo baba yake hakuiuliza, akakuta mama amekwisha zikwa na baba anakula ugali wa jana. Siku ya msako uliofuata alichukua debe na fimbo, akaingia kwenye mahindi. Kazi ya mpiga debe ni kuwatoa nguruwe walikojificha na kuwasukuma mpaka mwisho wa mstari, ambako bunduki inawangoja. Ni kazi ya kutembea kuelekea kwenye mtutu, na kwa sababu hiyo wao wawili walikuwa na sharti moja. Debe likinyamaza, bunduki inashuka. Kwa sababu yoyote ile, hata kama nguruwe amesimama mbele yako kama ng'ombe wa maziwa. Kimoja alikuwa akiishusha na kurudisha kufuli, kile kijichuma cha kufungia triga, nacho kikalia *kli*. Binti yake, ndani ya mahindi, aliungoja mlio huo kabla ya kufanya lolote: kutoa mwiba, kufunga kiatu, kupumzisha mkono.

"Chini, kushoto!" binti alipaza sauti sasa kutoka nyuma ya jiwe, kando ya boksi.

Kimoja alizungusha skrubu, akapiga tena.

"Juu, kulia!"

Akazungusha. Akapiga.

"Baba, hii imetoka nje ya karatasi."

Alilala pale mawe yakimchoma viwiko, akihangaika na skrubu. Duara lilikuwepo alipotazama pembeni yake. Alipolitazama lenyewe likamezwa. Aliufukuza msalaba huku na huko kama mtu anayefukuza kuku wa jirani. Binti akarudi kutoka kwenye boksi, akachuchumaa kando yake, akamtazama usoni badala ya kutazama bunduki.

"Nijaribu mimi, baba?"

"Hii ni bunduki, si ufagio."

Maneno yalimtoka kabla hajayaonja. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulenga, alipokuwa bado mdogo, kwa kupiga makopo, na alijua mkono wa binti huyu ulivyotulia. Kibali cha kazi kilikuwa na majina yao wote wawili. Alitaka kusema samahani, akasema, "Nenda kaangalie tena." Risasi iliyofuata iliingia ndani ya duara, karibu na ukingo. Ilikuwa bahati, na moyoni alijua ni bahati, lakini alisimama, akajipangusa magoti, akatangaza kwamba darubini sasa imetulia.

"Tumwambie mwenye shamba tusubiri kidogo," alisema binti wakiwa njiani.

"Mahindi hayasubiri. Na yeye keshasema nguruwe wakiingia tena anatafuta wengine. Wapo vijana wenye bunduki mpya, mama, wanapiga risasi kama wanarusha karanga." Alikuwa akimwita mama tangu azaliwe. "Unataka nikae barazani nihesabu wapita njia?"

Binti aliongeza mwendo. Alikuwa amebeba boksi kichwani, na matundu ya risasi yalitawanyika juu yake kama ya mtu asiyejua anachokitafuta.

*

Walifika shambani jua likiwa linaelekea kuzama. Mawingu yalikuwa mazito na mwanga ulikuwa wa kijivu tangu adhuhuri. Binti alijifunga kitambaa chake kichwani, akachukua debe, akazunguka kwenda upande wa bondeni. Kimoja alikaa juu ya kisiki mwisho wa mstari mpana uliogawa shamba. Aliiweka bunduki magotini, akaifuta darubini, akangoja.

Debe lilianza mbali. *Dang, dang, dang.* Lilikuja likipotea na kurudi kadiri upepo ulivyogeuka. Majani ya mahindi yalikuwa yamekauka ncha na yalisuguana kama watu wanaosengenya. Nguruwe jike alikatiza na watoto wake, wakaenda zao kabla hajainua mtutu. Debe lilikaribia. Alijua sasa binti yupo katikati ya shamba, kwa sababu sauti ilikuwa imeacha kurudi kutoka kwenye kilima.

Halafu likanyamaza.

Wakati huo huo aliona kitu cheusi kwenye mstari, chini, kimeinama. Akabandika shavu kwenye kitako cha bunduki na kufumba jicho la kushoto. Kitu kiliingia ndani ya ukungu, kikatoka, kikaingia tena. Kilikuwa kikubwa. Kilitikisika begani kama mnyama anayekula. Ni yeye, aliwaza. Ni dume wangu, Mungu amemrudisha nimmalize, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha chungu ambayo hakuwa ameijua siku nyingi. Debe lilikuwa limenyamaza. Masikio yake yalilijua hilo. Kidole hakikutaka kujua. Kilikwisha kuondoa kufuli, kikalala juu ya triga, kikaanza kuivuta ule mvuto wa kwanza mwepesi, ambao baada yake hakuna kurudi.

Upepo uligeuka, jani la mahindi likampiga usoni. Jicho la kushoto likafumbuka lenyewe.

Aliona kiwiko. Aliona debe limelala ubavu kwenye udongo, na kitambaa cha kichwani, na mgongo wa mwanawe aliyeinama juu ya kitu fulani, anatikisika mabega kwa sababu alikuwa akilia.

Kimoja aliondoa kidole kwenye triga kama anayekitoa kwenye moto. Alitaka kurudisha kufuli na mkono haukumtii. Aliitua bunduki chini, akajitenga nayo, akakaa kwenye udongo. Alipigana na nguruwe maisha yake yote na hakuwahi kuogopa hivi. Aliogopa mikono yake mwenyewe.

"Baba," binti aliita bila kugeuka. "Njoo. Yupo hapa."

Alikwenda, bunduki mkononi, mtutu ukitazama ardhi. Dume yule alikuwa amelala kwa ubavu kati ya mashina. Risasi ya msako uliopita ilikuwa imevunja taya la chini, na taya lilining'inia, limeoza, limejaa nzi. Alikuwa amekonda mpaka mbavu zikahesabika. Njaa ndiyo iliyomtoa kwenye matete na kumrudisha shambani. Alikuwa ameangusha mahindi pande zote, yamemzunguka, mabichi na makavu, na hakuweza kutafuna hata punje moja. Jicho lake lilimfuata Kimoja. Halikuwa na hasira.

"Siku zote hizi," alisema binti. "Siku zote hizi alikuwa hai."

Kimoja alipiga magoti. Alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa yule mnyama, akaurudisha. Machozi yalimtoka na hakuyaficha, mwanamume mzima mbele ya mwanawe, kwani jambo lililokuwa mbele yao halikuwa na pazia la kulifunika.

"Debe lilinyamaza," alisema binti. Sauti yake ilikuwa tulivu na hiyo ndiyo iliyomkata. "Nikangoja kufuli. Nilikuwa nimeinama hapa nangoja. Sikuisikia, baba."

Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema ni upepo. "Nilikulenga," alisema.

"Najua."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nimekaa nawe kwenye machimbo, nimeona." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nilinyamaza nikijua unaona aibu. Mimi nimekufichia aibu yako, wewe ungelia kwenye kaburi langu."

Dume alipumua, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya kidonda. Kimoja alishika bunduki, akaigeuza kitako mbele, akamkabidhi. Binti aliitazama kwanza, kisha akaipokea. Alirudi nyuma hatua chache na kubandika shavu, lakini ilimbidi anyooshe shingo mbele kuitafuta darubini, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Kimoja aligeuka upande. Alisikia mlio mmoja, halafu kimya, halafu ile sauti nzito ya mwili unaojiachia. Risasi ya pili haikuhitajika.

Waliondoka. Kimoja ndiye aliyebeba debe.

*

"Nikuangalizie," alisema mjane walipoingia dukani, na kabla Kimoja hajafungua mdomo alikwisha kuibana darubini kwenye jiliwa. Alihesabu mizunguko yote aliyoizungusha Kimoja kule machimboni, akairudisha mmoja mmoja, akachungulia. "Msumarini. Haina kosa hii."

"Najua," alisema Kimoja. "Mwenye kosa nimempata."

Alikuwa ametoka kwa daktari wa macho. Kule walimwambia afumbe jicho la kushoto na kusoma ukutani, naye akauliza ukutani wapi. Daktari alikuwa mpole. Alimweleza kwamba mshipa ulioko nyuma ya jicho umenyauka, kwamba miwani haiusaidii wala kisu hakiufikii. Na la kushoto nalo limeanza, ila hilo watalipigania kwa dawa ya matone. La kuvunda halina ubani, aliwaza Kimoja, akamshukuru daktari, akakunja karatasi ya dawa. Nje alisimama kwenye ngazi, akafumba la kushoto kwa kiganja, akamtazama binti yake aliyekuwa akimngoja chini. Aliona miguu, aliona nywele. Uso haukuwepo.

Sasa, dukani, alifanya vile vile kwa mjane.

"Nimekupoteza, shemeji," alisema.

"Wengi wametamani hivyo," mjane alijaribu kutania, kisha akageuka akajishughulisha na kabati. Aliporudi alimwelekea binti. "Haya wewe. Shika bunduki. Fumba macho yote mawili. Laza shavu pale linapopenda lenyewe, usilifundishe. Umetulia? Fumbua."

"Naona duara dogo, pembeni giza."

"Kwa sababu umefungiwa shingo ya baba yako." Alilegeza pete zilizoshikilia darubini, akaivuta nyuma kidogo. "Fumba. Laza. Fumbua."

"Bado kidogo."

Walirudia, mjane akisogeza, binti akifumba na kufumbua. Kimoja alikaa kwenye stuli kando ya mlango. Alijua kila kitu kilichokuwa kikifanyika, angeweza kukifanya yeye, na hakuna aliyemuuliza. Ndani ya vile visogezo vidogo aliona bunduki ikimwondoka. Iliumiza kuliko alivyotegemea. Iliumiza kama kumwozesha binti mara ya pili, na safari hii kwa kitu alichokipenda yeye.

"Sasa," alisema binti. "Duara zima. Naona hata msumari."

"Asiiguse tena mtu," alisema mjane, akakaza pete.

*

Binti alipokwisha kuizoesha darubini kwenye karatasi kule machimboni, mwenye shamba alikubali, kwa kununa, kumjaribu mara moja.

Kimoja aliingia kwenye mahindi kutoka upande wa bondeni, debe limening'inia shingoni kwa kamba, fimbo mkononi. Hakuwahi kupita humu nguruwe wakiwa ndani. Miaka yote alikuwa amekaa kule mwisho, penye hewa, akiyasikia mahindi kama kitu kilicho mbali. Humu majani yalikata uso. Upande wake wa kulia hakuuamini tena, na kila kilichochakarisha huko alikigeukia kwa mwili mzima. Alipiga debe. *Dang, dang, dang.* Kitu kizito kilikoroma mbele yake na kukimbia. Aliendelea kutembea, kwa sababu kazi ya mpiga debe ni kutembea, na kwa mara ya kwanza alifahamu binti yake alikuwa akitembea kuelekea kwenye nini.

Bunduki ililia. Akasikia mnyama akianguka pale pale, kishindo kimoja tu, na kimya. Mkono mzuri, aliwaza. Akaendelea.

Alipoona anga limefunguka kidogo kati ya mashina alijua mwisho wa mstari uko karibu. Nguruwe wengine walikuwa wamebanana hapo mbele, akiwasikia wakihema, wakisita kutoka. Bega lilikuwa likimuuma. Alihamisha fimbo kwenda mkono wa pili, ikamteleza kwa jasho, ikaanguka kwenye udongo.

Debe likanyamaza.

Hakuinama kuiokota. Alisimama wima kati ya mahindi, mzee mwenye bati shingoni, akatega sikio. Mbele nguruwe walijikusanya, weusi, wakubwa, mahali ambapo mtu yeyote mwenye bunduki angewataka. Mwanga ulikuwa unapungua. Alingoja. Aliyachagua mwenyewe yale macho ya kioo yaliyokuwa yakimtazama kutoka ng'ambo ya majani, yaligongwa kwa nyundo na kuzamishwa majini mbele yake, na bado aliogopa.

*Kli.*

Mlio mdogo wa chuma, kule mwisho, penye hewa. Kimoja alifumba macho yote mawili. Fimbo ilikuwa miguuni pake, na nguruwe walikuwa wameanza kutoka mmoja mmoja, bila haraka, wakivuka kwenda bondeni. Aliwasikia mpaka wa mwisho, na hakuiokota.